Kengele ya Likuni

Kengele ya misheni ya Likuni ililia saa sita mchana, na Lucie akajifanya kitenge chake kimelegea.

Alikuwa amesimama mbele ya mafiga, mwiko mkononi, uji wa mtoto ukitokota. Kengele ilipopiga yale mapigo matatu ya kwanza, mwili wake ulishtuka wenyewe na mkono ukaanza kupanda kuelekea kwenye paji la uso. Ulikuwa umezoea hivyo tangu utotoni. Kule Bukavu, kengele ya parokia ikilia, aliyebeba ndoo alitua ndoo, na muuza samaki alinyamaza katikati ya bei. Hata mama yake Lucie, aliyekuwa mwepesi wa kugomba, aliacha tusi likiwa nusu, akasali Malaika wa Bwana, kisha akalimalizia. Tangu wakimbie vita, Lucie hakuwa amesikia tena kengele ya kweli. Kambini Dzaleka, huku Malawi, katekista aligonga kipande cha chuma kilichobaki tangu mahali pale palipokuwa gereza, na chuma kile kilitoa mlio wa chuma, basi. Mara nyingi alikuwa amemwomba Mungu amjalie kusikia kengele walau mara moja.

Sasa ndiyo hiyo inalia. Na mkono wake ulipofika kifuani uligeuka, ukashika pindo la kitenge, ukakaza fundo ambalo halikuwa limelegea. Maana kwenye jiko la pili Abiti Jafali alikuwa akimtazama, na Abiti Jafali alijua kwamba Lucie ni Mwislamu.

Jambo lenyewe lilianza jana yake jioni. Gari la kambi liliwashusha hospitalini mvua ikinyesha: Lucie, jirani yake Feza, na Aruna, mtoto wa Feza, ambaye malaria ilikuwa imemla damu mpaka viganja vyake vikawa vyeupe. Feza alipelekwa wodini na mtoto. Lucie akabaki na sufuria na mabegi kwenye banda la wauguzaji, kule ambako ndugu wa wagonjwa hupika na kulala. Banda lilijaa na paa lilivuja. Sehemu kavu ilikuwa moja tu, kwenye ukuta, na hapo alikaa Abiti Jafali, mama mtu mzima wa Kiyao kutoka mtaa wa Area 23 aliyekuwa akimuuguza binti yake. Marehemu mume wake alikuwa amekata mkonge Tanga miaka mingi, naye aliishi naye huko, kwa hiyo Kiswahili alikijua, tena kile cha adabu.

"Karibu, mwanangu, usilowe," alisema, akauvuta mkeka wake upande mmoja. "Mwenzio aliyeingia na mtoto nimemsikia akisema bismillahi. Nyinyi ni Waislamu?"

Jibu lilikuwa fupi. Yeye ndiyo, mimi hapana. Lakini banda zima lilikuwa limegeuka kuwatazama wageni, maji yalikuwa yakimtiririka Lucie shingoni, na Abiti Jafali alikuwa tayari ameshapakua wali na maharage kwenye bakuli. Lucie akatikisa kichwa kukubali. Hakutamka hata neno, na baadaye akawa anajitetea hivyo moyoni: mimi sikusema kitu.

Alfajiri Abiti Jafali alimgusa bega ili waswali. Lucie aliweka mkono tumboni akaangalia chini.

"Ah, uko katika siku zako," mama yule alisema kwa upole. "Basi pumzika."

Huo ukawa uongo wa pili, nao pia hakuutamka.

Ajabu ni kwamba Feza alimchukua Lucie kwa sababu ya sala. Kule Dzaleka nyumba zao ziligusana mgongo, ukuta ni mmoja wa udongo. Feza alikuwa Mwislamu wa Kindu, akiuza sabuni na mafuta ya kupima. Lucie aliishi na tantine Pascaline, dada wa baba yake, fundi wa kushona. Kila jioni rozari yao ilipenya ukutani, na Feza aliisikia huku akipanga vichupa vyake. Mtoto alipozidiwa hakwenda kwa watu wa kwao. Alikuja kusimama mlangoni pa Pascaline.

"Mama Pascaline, uniazime mutoto yako. Mi nitakaa na mugonjwa, yeye atapika. Na tena nasikiaka namna munasali. Nataka mutu mwenye kusali pembeni yangu."

Lucie alifurahi na kuogopa kwa pamoja. Katika rozari ile sauti iliyopenya ukutani ilikuwa ya tantine. Yeye aliitikia tu. Katika shirika lao, Wakristo wa mtaa walipokutana na kila mmoja kuombwa kusali kwa maneno yake mwenyewe, zamu ikimfikia Lucie alisema "Ee Bwana," kisha akakwama hapo.

"Tuitikie hiyo hiyo," Baba Adolphe, kiongozi wa shirika, alikuwa akisema. "Redio ya Lucie betri zimekufa."

Watu walicheka bila ubaya, na Lucie naye alicheka, lakini akifika nyumbani aliuma blanketi. Ndivyo alivyokuwa. Hata shule aliiacha darasa la nne, na wakati tantine akimsikitikia, yeye moyoni alishukuru kwamba hataitwa tena ubaoni.

Basi pale Likuni siku zikawa zinakwenda, na kengele ikawa inalia asubuhi, mchana na jioni. Lucie alipata kazi kila ilipolia. Mara alipuliza moto unaowaka vizuri. Mara aliinama kuokota kitu ambacho hakikuanguka. Rozari yake aliifunga kwenye ncha ya kitenge pamoja na chumvi. Alijaribu kusali kimya huku akikoroga uji, kama alivyozoea, maana kusali kimya ndiko kulikokuwa raha yake. Lakini sasa maneno yalimkwama. Zamani alinyamaza akiwa na Mungu. Sasa alinyamaza asije Mungu akaonekana yuko naye. Alikuwa akidhani ni kimya kilekile, na sivyo.

Jambo lililomchoma zaidi lilikuwa Gertrude. Huyu alikuwa mama kijana kutoka Chilinde, mwenye rozari ya plastiki shingoni, asiyejua Kiswahili. Kengele ikilia alisimama mahali alipo, hata kama ana maganda ya muhogo mikononi, akaanza Malaika wa Bwana kwa Kichewa, kwa sauti. Sala ile ni ya watu wawili: mmoja anatangulia, mwingine anaitikia. Gertrude alitangulia, akangoja kidogo huku macho yakizunguka banda, na alipoona hakuna wa kuitikia akajiitikia mwenyewe. Lucie hakuyajua maneno ya Kichewa, lakini kila alipongoja alijua kabisa nini kinangojwa.

Jumapili padri alipita wodini na Komunyo, sista akimtangulia na mshumaa na kengele ndogo ya mkononi. Lucie alikuwa kwenye kitanda cha Aruna, akimpepea pamoja na Feza. Gertrude alikuwa amekwisha kupiga magoti karibu na mwanawe. Kengele ndogo ilipolia, goti la Lucie lilikunjika kidogo, nusu tu, na sista akaliona. Akasimama, akamtazama kama anayeuliza.

Abiti Jafali, kwenye kitanda cha jirani, alitaka kumwokoa na usumbufu.

"Ayi, sisteri," alisema kwa Kichewa. "Awa ndi Asilamu."

La, hawa ni Waislamu. Hata Feza, ambaye Kichewa chake kilikuwa cha sokoni, alielewa. Akaacha kupepea. Akainua kichwa, akamtazama Lucie, akingoja. Sista naye alikuwa bado anangoja. Lucie aliangalia sakafu, mahali saruji ilipopasuka, akauangalia ule ufa mpaka vile viatu vyeupe vya sista vikaondoka mbele yake na viatu vya padri vikafuata.

Feza alingoja Abiti Jafali atoke kwenda kufua.

"Lusi."

"Ndiyo, Mama Aruna."

"Uliingiaka dini yetu lini?"

Lucie alikaza fundo la kitenge.

"Nakuuliza. Nani alikusilimisha? Shahada ulitoa wapi, kwa mafiga?"

"Mi sikusema kitu, Mama Aruna. Nilitikisa kichwa tu."

"Kichwa ya nani? Ya jirani?"

"Niliogopa."

"Uliogopa nini? Wali?" Feza alikaribia kucheka, kisha uso ukamkunjamana. "Sikia. Batu ya Kindu beko bengi Dzaleka, na kupika banajua kukupita. Nilikuchukua juu ya ile sala yako. Sasa mutu anamuficha Mungu yake chini ya kitenge, huyo Mungu atasikia namna gani habari ya mutoto yangu?"

Lucie alilia bila sauti. Feza akamwacha alie, akaendelea kupepea.

"Utamwambia Mama Abiti?" Lucie aliuliza mwishoni.

"Mi? Hapana. Kichwa yako ndiyo ilitikisika. Utaitikisa tena wewe mwenyewe."

Jumatatu yote Lucie alitafuta nafasi ya kusema. Abiti Jafali alimpa kitunguu, akashindwa kusema. Alimsifu kwa watu kwamba ni mtoto mwenye haya, siyo kama wasichana wa mjini, na Lucie akashindwa zaidi. Ni vigumu kumwambia mtu neno baya akiwa anakusifu. Kila saa aliyochelewa ilifanya neno lenyewe liwe zito kuliko saa iliyopita.

Jumanne asubuhi Aruna alizidiwa. Macho yaligeuka juu, na daktari akaagiza aongezwe damu nyingine. Na asubuhi hiyohiyo Feza akaingia katika siku zake kwelikweli. Tangu wafike hakuwa ameacha swala hata moja. Aliswali kwenye veranda, kati ya ndoo na fagio, bila kujali nani anapita. Sasa alikaa kando ya kitanda na mikono mitupu.

"Dua naomba," alimwambia Abiti Jafali, "lakini swala siwezi. Leo! Kwa siku zote, leo!"

"Mungu anajua," Abiti Jafali alimwambia. "Tutaswali sisi, na tutamwombea. Na huyu mdogo wako sasa bila shaka ametwaharika. Ataswali naye."

Feza alimtazama Lucie tu, na safari hii macho yake hayakuwa na mzaha. Yalikuwa ya mtu anayeomba.

Saa sita ilipokaribia, Abiti Jafali alimshika Lucie mkono akampeleka kwenye kona ya kuswalia. Akatoa khanga yake ya sandukuni, mpya, isiyowahi kufungwa kiunoni, akaitandika. Akachukua birika.

"Kunja mikono ya gauni."

Lucie akakunja. Maji yakamwagika juu ya viganja vyake, ya baridi, na mama yule akamshika vidole kimoja kimoja kama anayemwosha mtoto. Lucie aliona maji yakienda kwenye mfereji. Akajiambia, sasa sema. Akanyamaza. Akajiambia tena. Alitawadhishwa uso, mikono mpaka kwenye kiwiko, miguu, akasimamishwa juu ya khanga mpya, kati ya wanawake wawili waliomsogelea bega kwa bega kwa ajili ya mtoto wa Feza.

Hapo kengele ya misheni ikalia.

Upande wa pili wa banda, Gertrude alitua kisu akaanza. Alisema mstari wa kwanza. Kisha akangoja, kama kawaida yake.

Watu baadaye walidhani Lucie alipata ujasiri. Hakupata. Kama angeweza kuzama ardhini angezama. Kilichomtoa ni kile kimya cha Gertrude. Alijua kimya kile kinataka nini, na hakuweza tena kukiacha kikae wazi. Alirudi nyuma hatua, akatoka juu ya khanga. Akafanya ishara ya msalaba, kubwa, kwa mkono uliokuwa bado unachuruzika maji ya udhu.

"Naye akapata mimba kwa uwezo wa Roho Mtakatifu."

Sauti ilitoka imekwaruza, kama ya mtu mwenye mafua. Banda zima likageuka. Mwiko wa mtu ukaanguka. Gertrude alibaki mdomo wazi, kisha akaendelea na Salamu Maria kwa Kichewa, na Lucie akamalizia nusu yake kwa Kiswahili, na mwendo wa maneno ulikuwa mmoja.

Gertrude akasema mstari wa pili. Lucie aliutambua kwa zamu yake: Ndimi mtumishi wa Bwana. Alikuwa akiusema tangu hajaota meno ya pili, na hakuwahi kujiuliza ni maneno ya nani. Sasa aliyasikia kama jibu la msichana, Maria, kwa malaika. Msichana aliyekuwa peke yake, akajiwa na mkubwa kuliko yeye, akafadhaika, Injili yenyewe inasema alifadhaika. Lakini alipofadhaika alisema yeye ni nani. Ndimi. Ni mimi, na mimi ni wa fulani. Uso wa Lucie uliwaka moto. Mara tatu kwa siku, miaka yote hiyo, alikuwa amefundishwa namna ya kujibu anapoulizwa.

"Nitendewe ulivyonena," aliitikia, na sauti ikakatika. Sala ya mwisho aliisahau yote. Alisimama pale mdomo ukichezacheza, na Gertrude akamalizia peke yake.

Abiti Jafali alikuwa bado hajaanza swala. Aliwasubirisha wenzake kwa mkono.

"Wewe ni nani?" aliuliza.

"Mimi Mkatoliki, mama."

"Tangu lini?"

"Tangu kuzaliwa."

"Na zile siku zako?"

"Sikuwa nazo."

Mtu mmoja nyuma alicheka. Abiti Jafali hakucheka. Aliinama, akaokota khanga yake mpya, akaikung'uta mara moja.

"Nimekutilia maji mikononi," alisema. Hakupaza sauti, na ingekuwa afadhali apaze. "Ungeniambia siku ile kwamba wewe ni Mkristo, ungelala palepale, ungekula wali uleule. Nilikuuliza nipate kukujua, si nikupimie chakula. Uliona haya kwa nani, mwanangu? Kwangu, au kwa huyo Mungu wako?"

Lucie alitafuta jibu, akaona yote mawili ni kweli, na yote mawili ni mabaya.

"Nisamehe, mama."

"Nikitulia nitakusamehe. Sasa hivi nina swala."

Akampa mgongo, akaitandika khanga upya mahali palepale, akasimama juu yake yeye mwenyewe. Walipomaliza na kuinua viganja kuomba dua, Lucie alisikia katikati ya maneno asiyoyajua jina la Aruna, mara moja na mara nyingine tena.

Alihamisha mabegi yake kutoka ukutani bila kuambiwa, akayapeleka upande unaovuja. Gertrude alimsogezea gunia la kukalia, lakini hakumtazama usoni. Naye alikuwa amefahamu: siku zote hizo alizojiitikia mwenyewe, mwenzake alikuwa hapo, hatua chache, akikaza kitenge.

Wodini habari zilimtangulia.

"Umeitikisa?" Feza aliuliza.

"Nimeitikisa."

"Amekasirika?"

"Sana."

"Eko na haki. Kuja hapa."

Lucie alipiga magoti kwenye saruji, karibu na ule ufa wa Jumapili. Feza hakumwambia asali. Alishika tu mguu wa mtoto na kungoja. Katika vitanda vya jirani watu walikuwa wakiangalia. Lucie alisema Baba Yetu, polepole, kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga jiwe moja moja, na alipofika kwenye "jina lako litukuzwe" ilimbidi asimame, kwa sababu aliona alivyolitendea jina lile. Alipomaliza hakuinuka.

"Ee Bwana," alisema. Hapo ndipo alipokuwa akikwama siku zote. "Ni mimi. Nilikuficha. Usimhesabie Mama Aruna kosa langu. Mwachie mtoto wake."

Hakupata neno lingine.

"Amina," Feza alisema.

Jioni Aruna aliomba maji, akayatapika, akaomba tena. Daktari alisema damu imeanza kufanya kazi, na Lucie hakudai ni sala yake. Hakuthubutu. Alikwenda bandani kumpikia uji, na akapika akiwa ameinamisha kichwa, maana wanawake walikuwa wakinong'ona na baadhi walijifunga kitenge kwa kumwigiza, kengele ikiwa haijalia.

Ikalia. Mvua ilikuwa imepungua ikawa manyunyu. Gertrude alikuwa wodini. Safari hii hapakuwa na wa kumtangulia wala wa kumwitikia, na Lucie aligundua kwamba mchana ulikuwa rahisi kuliko sasa. Alitua mwiko juu ya sufuria. Alifungua ncha ya kitenge, akatoa rozari, akaikung'uta chumvi. Akasimama kando ya njia iendayo bombani, akafanya ishara ya msalaba, akaanza, sauti ndogo lakini ya kusikika, sehemu zote mbili mwenyewe.

Katikati ya sala aliona Abiti Jafali akija na birika lake, akienda kuteka maji ya udhu. Njia ilikuwa nyembamba, na ilipita mbele ya Lucie. Uso ulimwaka tena, maneno yakataka kumkimbia, akayashikilia.

Abiti Jafali alifika karibu, akasimama. Katika dini yake mtu hapiti mbele ya mwenye kusali. Alisimama na birika mkononi, manyunyu yakimdondokea mtandio, akiangalia upande wa mlango wa kanisa kana kwamba hana haraka yoyote. Alingoja mpaka Lucie alipofanya msalaba wa mwisho. Kisha akapita, bila salamu, kwenda bombani.